Nguvu ya Metali Ndani ya Moto: Sifa za Kimakanika za Aloi za Joto Kali na Uimara wa Majiko Banifu katika Makazi ya Nakivale na Jiji la Mbarara, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sifa za kimakanika za aloi zinazotumika katika joto kali na kuonyesha jinsi sifa hizo zinavyoamua umri wa jiko banifu la kuni. Mfano unaochunguzwa ni wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba jiko linalookoa kuni zaidi ndilo linaloitesa zaidi metali yake. Kwa hiyo sera inayopima jiko likiwa jipya pekee huwa imepima nusu tu ya ubora wake. Makala yanajadili kupungua kwa nguvu ya feleji ndani ya moto, mtambao, uchovu utokanao na joto, uoksidishaji na athari ya majivu yenye chumvi. Mwishoni yanapendekeza masharti ya ununuzi yanayoweza kutekelezwa bila maabara kubwa.

1. Utangulizi

Makazi ya Nakivale yapo katika Wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo zinakaliwa na watu zaidi ya laki moja, wakiwemo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Soko kubwa la mabati, feleji na kazi za uchomeleaji lililo karibu nao ni Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Upande wa magharibi wa jiji hilo ndipo ulipo mtaa wa Ruharo, unaojulikana zaidi kwa kanisa kuu lake na kwa hospitali ya misheni yenye kituo cha tiba ya macho.

Kinachoziunganisha sehemu hizi mbili katika makala haya ni moto wa kupikia. Kaya nyingi za Nakivale hupika kwa kuni au makaa. Kila mzigo wa kuni unaookolewa ni mwendo uliopunguzwa kwa mwanamke au mtoto anayekwenda kuutafuta, na ni sababu moja pungufu ya ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji juu ya miti. Ndiyo maana serikali na mashirika ya misaada yamekuwa yakisambaza majiko banifu katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu.

Tathmini za miradi ya aina hiyo mara nyingi huanza na maswali mawili: jiko linaokoa kuni kiasi gani, na ni majiko mangapi yamegawiwa. Swali la tatu huulizwa kwa nadra: metali ya chemba ya moto itadumu kwa muda gani? Jiko ambalo chemba yake imetoboka hurudi kuwa moto wa mafiga matatu, ijapokuwa katika daftari la mradi bado linahesabiwa kuwa jiko banifu.

2. Nguvu ya metali ikiwa baridi na ikiwa moto

Mnunuzi wa feleji huifahamu nguvu yake kwa kuikunja, kuigonga au kuuliza geji. Vipimo hivyo ni vya metali iliyo baridi. Feleji ya kawaida ya ujenzi huanza kunyumbuka bila kurudi katika umbo lake inapofikia mkazo wa takriban megapaskali 250. Kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo dhidi ya moto zinaonyesha kwamba nguvu hiyo hubaki ilivyo hadi kiasi cha nyuzi 400 za Selsiasi. Kuanzia hapo huporomoka: kwenye nyuzi 500 hubaki asilimia 78, nyuzi 600 asilimia 47, nyuzi 700 asilimia 23, na nyuzi 800 asilimia 11 tu. Chuma chekundu kwa moto, kwa maneno mengine, kimebakiza sehemu ndogo ya nguvu iliyolipiwa sokoni.

Upungufu huo si wa pekee. Katika joto kali metali hubadilika umbo polepole hata chini ya mzigo mdogo usiobadilika. Hali hiyo huitwa mtambao. Atomi zilizotulia katika baridi hupata nishati ya kuhama kutoka nafasi moja hadi nyingine, na punje za metali huteleza mipakani mwake. Kwa kukadiria, mtambao huanza kuwa na uzito pale joto linapofikia sehemu nne kwa kumi ya joto la kuyeyukia, likipimwa kwa Kelvin. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538 za Selsiasi, sawa na Kelvin 1,811. Sehemu nne kwa kumi ya hiyo ni Kelvin 724, yaani nyuzi 451 za Selsiasi. Alumini, inayoyeyuka kwa nyuzi 660, huanza kutambaa katika kiasi cha nyuzi 100. Kwa hiyo kiegemeo cha sufuria kilichosimama wima siku ya kwanza huweza kuinama baada ya miezi kadhaa bila mtu yeyote kukizidishia mzigo.

Jambo la tatu ni uchovu utokanao na joto. Metali hutanuka inapopashwa na kunywea inapopoa. Chemba yenye kimo cha sentimita 30 inayopanda kwa nyuzi 700 hurefuka kwa karibu milimita 3 ikiwa ya feleji ya kawaida. Ikiwa imefungwa kwa nguvu juu na chini, haina pa kwenda. Hujipinda, na katika kupoa huvutwa upande wa pili. Kaya inayopika mara mbili kwa siku huipitisha chemba yake katika mizunguko 730 ya namna hiyo kwa mwaka. Nyufa huanzia penye kona na penye mishono ya kuchomelea, mahali ambapo mkazo hujikusanya.

3. Moto unavyoila metali

Katika jiko la kuni, adui mkubwa kuliko hao watatu ni oksijeni. Chuma kilichopashwa hujifunika kwa oksidi. Chini ya nyuzi 570 oksidi hizo hukua taratibu. Juu ya kiwango hicho hutokea oksidi nyingine, wustaiti, ambayo muundo wake umejaa nafasi tupu zinazoruhusu atomi za chuma kupita kwa wepesi. Hapo magamba huongezeka kwa kasi. Nyuzi 570 ni mpaka muhimu kwa mtengeneza majiko, kwa kuwa ukuta wa chemba ya jiko zuri la kuni huuvuka mpaka huo kwa urahisi.

Hapa ndipo penye kitendawili cha jiko banifu. Jiko la mfumo wa roketi, lililobuniwa katika miaka ya 1980 na Larry Winiarski akishirikiana na kituo cha Aprovecho cha Oregon, Marekani, huokoa kuni kwa kuzuia joto lisitoroke: chemba yake huzungushiwa kizuia-joto ili kuni ziungue vizuri na moshi upungue. Lakini joto lisilotoroka hubaki katika ukuta wa chemba. Sigiri ya bati tupu hupoteza joto lake kwa hewa ya nje na hivyo huipoza metali yake. Jiko lenye kizuia-joto huinyima metali nafuu hiyo. Kadiri jiko linavyoboreshwa kwa upande wa kuni, ndivyo chemba yake inavyohitaji aloi bora zaidi. Anayeboresha umbo na kuacha bati lilelile la pipa huwa ameufupisha umri wa jiko.

Uharibifu huo unaweza kufafanuliwa kwa hesabu ya kubuni. Gamba la oksidi likibaki mahali pake huwa ngao, na ukuaji wake hufuata kanuni ya kipeo cha pili: ili unene uongezeke maradufu, muda lazima uzidishwe mara nne. Tuseme metali imeliwa milimita 0.05 katika saa 100 za kwanza. Gamba likishikilia, baada ya saa 1,600 zitakuwa zimeliwa milimita 0.2. Gamba likibanduka kila baada ya saa 100, kwa sababu linanywea tofauti na metali iliyo chini yake, kazi huanza upya kila mara na jumla hufikia milimita 0.8. Kaya inayopika kwa saa nne kwa siku hutumia jiko saa 1,460 kwa mwaka. Bati la milimita moja linaweza kudumu miaka mingi au kukaribia kwisha ndani ya mwaka mmoja, na kinachoamua ni kushika au kutoshika kwa gamba.

4. Familia za aloi na mipaka yake

Historia ya aloi za joto kali ni historia ya kutafuta gamba linaloshika. Mwaka 1906 Albert Marsh alipata hataza ya aloi ya nikeli na kromi iliyowezesha nyaya za majiko ya umeme. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza feleji yenye kromi nyingi isiyoshika kutu. Kati ya vita viwili vya dunia, Hans von Kantzow wa Sweden alichanganya chuma, kromi na alumini na kupata aloi iitwayo Kanthal, ambayo aina zake bora huhimili hadi kiasi cha nyuzi 1,400.

Kwa mahitaji ya jiko, familia nne zinafaa kutofautishwa.

Ya kwanza ni feleji ya kawaida. Ni rahisi kukata, kukunja na kuchomelea, lakini gamba lake halishiki juu ya nyuzi 570.

Ya pili ni feleji ya kromi isiyo na nikeli, kama vile aina ya 430 yenye kromi ya asilimia 16 hadi 18. Oksidi ya kromi hutengeneza ngao nyembamba. Aloi hii hutanuka kidogo: chemba ya sentimita 30 iliyotajwa awali ingerefuka kwa takriban milimita 2.5. Kwa hiyo gamba lake huvumilia vizuri kupashwa na kupoa. Udhaifu wake ni nguvu ndogo dhidi ya mtambao, na wepesi wa kuvunjika ikikaa muda mrefu karibu na nyuzi 475.

Ya tatu ni feleji ya kromi na nikeli. Aina ya 304, yenye kromi ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8, hushinda ya 430 kwa nguvu katika joto kali, lakini hutanuka zaidi. Chemba ileile ingerefuka kwa karibu milimita 4. Matokeo yake yanaonekana katika viwango vya matumizi. Aina ya 304 huhimili nyuzi 925 ikiwa katika joto la kudumu, lakini nyuzi 870 tu ikiwa inapashwa na kupoa. Aina ya 430 ni kinyume: nyuzi 815 kwa joto la kudumu na nyuzi 870 kwa joto la vipindi. Jiko la nyumbani ni chombo cha vipindi. Aina ya 310, yenye kromi 25 na nikeli 20 kwa mia, hufika nyuzi 1,035 kwa vipindi, lakini nikeli yake huifanya kuwa ghali.

Ya nne ni aloi ya chuma, kromi na alumini. Ngao yake ni oksidi ya alumini, inayokua polepole kuliko zote na isiyoyumbishwa sana na mvuke. Kasoro yake ni ya kimakanika: katika joto kali ni laini, na punje zake zikikua huwa nyepesi kuvunjika na ngumu kuchomelea.

Juu ya familia hizi zipo aloi kuu za nikeli, zilizoendelezwa kuanzia miaka ya 1940 kwa ajili ya injini za ndege. Ndani yake hutawanywa vijichembe vya nikeli na alumini vinavyozuia mtambao. Afrika Mashariki inazitumia kila siku: mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi jijini Dar es Salaam huzalisha umeme kwa mapanga yanayozunguka ndani ya gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Sehemu ya kobalti inayoingia katika aloi za aina hiyo duniani hutoka Kongo, mzalishaji mkuu wa madini hayo. Hata hivyo, fundisho la mapanga hayo kwa mtengeneza majiko halimo katika gharama yake. Limo katika utaratibu: hakuna mhandisi wa mtambo anayenunua panga bila kujua aloi yake na idadi ya saa zake za kazi.

5. Majivu, chumvi na maganda ya ndizi

Joto na hewa peke yake havitoshi kueleza mazingira ya Nakivale. Isingiro ni nchi ya migomba, na majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi. Wapishi wa ukanda wa Maziwa Makuu wanalijua jambo hili kwa njia yao: maji yaliyochujwa kwenye majivu ya namna hiyo hutumika kama magadi ya kulainishia maharage. Maganda makavu, magunzi ya mahindi na mabaki mengine ya shamba yanapotumiwa kuwashia au kutengenezea makaa ya kufinyanga, potasiamu hiyo hutua kwenye ukuta wa chemba. Maji yenye chumvi yanayofurika kutoka sufuriani huongeza kloridi.

Potasiamu ikikutana na oksidi ya kromi mbele ya oksijeni na mvuke hutengeneza kromati ya potasiamu, na ngao hupoteza kromi yake. Kloridi nayo hupenya chini ya gamba na kulibandua. Matokeo ni kwamba viwango vya joto vilivyotajwa katika sehemu iliyopita, ambavyo ni vya hewa safi, haviwezi kuchukuliwa kuwa ahadi katika jiko la kuni. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, walilishughulikia suala hili kwa kujaribu aloi mbalimbali za chuma katika mazingira yenye chumvi na unyevu, na ndani ya majiko yenyewe. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, aloi za chuma, kromi na alumini zilionyesha ukinzani mzuri, na aloi ya majaribio ya chuma, kromi na silikoni ikaonyesha dalili za kuwa njia ya gharama nafuu zaidi.

6. Sumaku na geji: mipaka ya ukaguzi wa sokoni

Katika masoko mengi ya eneo hili feleji isiyoshika kutu hukaguliwa kwa sumaku. Ikivutwa, huhesabiwa kuwa bandia. Ukaguzi huo una asili ya kweli, kwa kuwa aina ya 304 haivutwi na sumaku ikiwa haijakunjwa sana. Lakini kwa jiko hupotosha mara mbili. Aina ya 430 na aloi za chuma, kromi na alumini huvutwa na sumaku sawasawa na feleji ya kawaida, ijapokuwa ndizo zinazostahili zaidi katika joto la vipindi. Kwa upande mwingine, aina za mfululizo wa 200, ambazo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi, hazivutwi, na kwa hiyo hupita kama 304 bila kuwa 304.

Geji nayo husema nusu ya kweli. Bati nene huchelewa kutoboka, lakini ikiwa gamba halishiki, unene ni muda ulionunuliwa tu. Aidha, chemba nene huchelewa kupata moto na hunyonya sehemu ya joto la kuni za mwanzo. Unene hauwezi kuwa badala ya aloi.

7. Mapendekezo

Kwanza, hati za zabuni za majiko zitaje aina ya aloi ya chemba kwa namba, pamoja na unene wake, badala ya maneno "chuma imara" au "feleji bora". Muuzaji atoe cheti cha kiwanda kilichoyeyusha metali hiyo, na sampuli chache zihakikiwe kwa kipima-kemia cha eksirei cha mkononi.

Pili, uimara uwe sharti la kupokelewa kwa jiko. Kiwango cha kimataifa ISO 19867-1 cha mwaka 2018 kinajumuisha uimara pamoja na ufanisi, moshi na usalama. Uganda inalo Shirika la Viwango la Taifa, na Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti wa nishati kinachopima majiko. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kiko karibu na Nakivale kuliko taasisi zote mbili.

Tatu, kila mradi upime upotevu wa metali kwa mizani. Chemba chache zipimwe uzito kabla ya kugawiwa, kisha zisuguliwe magamba na kupimwa tena baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Mizani ya dukani yenye usahihi wa gramu inatosha, na matokeo yake yanazungumza kuliko dodoso. Miradi inayouza punguzo la hewa ya ukaa inawajibika zaidi kufanya hivyo, kwa sababu punguzo linalodaiwa kwa miaka kadhaa linategemea chemba iliyo hai kwa miaka hiyo.

Nne, usanifu utenganishe kazi ya kubeba na kazi ya kuhimili moto. Sufuria ikae juu ya ganda la nje, ambalo ni la baridi zaidi na linaweza kuwa la feleji ya kawaida. Chemba ibebe uzito wake tu, iachiwe nafasi ya kutanuka upande mmoja, na iweze kuchomolewa na kubadilishwa. Hapo udhaifu wa mtambao wa aina ya 430 au wa aloi yenye alumini haudhuru, na metali ghali hununuliwa kidogo. Penye udongo unaofaa, bitana la ufinyanzi kama lile la jiko la Kenya lililoenea tangu miaka ya 1980 ni mbadala halali. Halioksidiki, ingawa hupasuka.

Tano, maarifa haya yaandikwe kwa Kiswahili cha karakana. Fundi Mkongomani, mnunuzi Mrundi na mwenye duka wa Mbarara huelewana kwa Kiswahili. Jedwali la ukurasa mmoja lenye namba za aloi, mwitikio wake kwa sumaku na kikomo chake cha joto la vipindi litamfaa fundi kuliko ripoti ya mradi ambayo haimfikii.

8. Hitimisho

Sifa ya metali haisomeki nje ya mazingira yake. Feleji iliyo imara kwenye meza ya fundi huwa laini kwenye nyuzi 700, hutambaa chini ya sufuria, hupasuka kwa kupashwa na kupoa, na huliwa na hewa, mvuke na majivu. Jiko banifu huikusanyia metali mateso hayo yote ili kumpunguzia mtumiaji mzigo wa kuni. Gharama hiyo ni halali ikiwa imetambuliwa na kulipiwa kwa aloi inayofaa. Isipotambuliwa, hulipwa na yule ambaye mradi ulikusudia kumsaidia: mwanamke wa Juru au Rubondo ambaye mwaka mmoja baadaye anatoka tena alfajiri kutafuta kuni za mafiga matatu, huku jiko lake lililotoboka likiwa bado limo katika hesabu ya mafanikio.